Ng'ombe wa Shangazi na Udongo wa Njugu Mawe

Nilirudi Tabora nikiwa na shahada ya kilimo, jozi mbili za viatu vya ngozi, na imani kwamba ardhi ya kwetu ilikuwa imekaa ikinisubiri. Mwingereza alikuwa bado anatutawala, na wasomi wa aina yangu katika Jimbo zima la Magharibi tungeweza kukaa sote kwenye benchi moja na bado nafasi ikabaki. Jambo hilo lilinipa kiburi ambacho leo, nikiwa mtu wa makamo, nakikumbuka kama mtu anavyokumbuka suruali iliyombana: najua niliivaa, najua niliipenda, na sielewi niliwezaje kukaa nayo.

Nilipangiwa kazi katika kituo cha majaribio nje ya mji. Nyumba za kituoni zilikuwa za watu wenye vyeo, kwa hiyo nikaenda kuishi mtaa wa Cheyo, mjini, kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Alikuwa mjane. Mumewe, mtu wa Igunga, alimwachia nyumba ya vyumba vitatu, nusu eka ya ardhi mbovu nyuma ya nyumba, na ng'ombe mmoja jike, mwekundu, mwenye pembe moja iliyopinda kuelekea sikioni kana kwamba anajikuna akiwaza.

Zamani ng'ombe walikuwa watatu. Kila kiangazi, baada ya kuuza pamba yake, shemeji yake shangazi, yaani mdogo wa marehemu, alikuja kutoka Igunga, akazunguka uani, akagusa mbavu za ng'ombe mmoja baada ya mwingine, kisha akatikisa kichwa kwa huruma kubwa. Alisema kwamba Cheyo hakuna malisho, na kwamba mbuga za Igunga zina majani hata mwezi wa tisa. Angemchukua mmoja tu, apate nafuu, kisha amrudishe mvua zikianza. Wawili walikwisha kwenda kwa njia hiyo. Wa kwanza tuliambiwa amezaa, wa pili tuliambiwa amekufa, na shangazi alisema hakujua habari ipi kati ya hizo ilimuuma zaidi, maana ndama hakumwona na ngozi hakuletewa.

Kwa desturi ya ukoo wa mumewe, ng'ombe walikuwa mali ya ukoo, na mjane alikuwa mtunzaji tu. Hakuna aliyethubutu kumnyang'anya waziwazi, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa maneno na mji wote ulilijua hilo. Lakini ng'ombe aliyekonda katika ua wa mjane ni hoja ambayo hata mwanamke wa maneno hana la kuijibu. Kama mwekundu angeonyesha mbavu mwezi wa saba, angekwenda Igunga, na asingerudi. Akinona, shemeji asingekuwa na la kusema. Habari yote ilikuwa hiyo, na shangazi alinieleza wiki ya kwanza, tukiwa tunapukuchua mahindi.

"Baba," alianza, maana aliniita baba tangu nilipozaliwa kwa kuwa nina jina la baba yake, "huko ulikosomea mlifundishwa kulisha ng'ombe?"

"Tulifundishwa, shangazi."

"Kwa kitabu au kwa majani?"

"Kwa vyote viwili."

"Haya. Kitabu nimekiona. Nasubiri majani."

Mwezi wa kumi na mbili kituoni kwetu zilifika kwa gari moshi chupa chache bapa, ndani yake umetanda ute mweupe kama maziwa yanayoanza kuganda. Walikuwa vijidudu, bakteria wa aina ile inayoishi katika mizizi ya jamii ya kunde. Mkubwa wangu, Mwingereza mpole aliyesema Kiswahili cha adabu kuliko changu, alinipa chupa moja na mfuko wa mbegu za fiwi, mmea wa jamii hiyo ambao ng'ombe hulishwa majani yake, pamoja na gunia la mbolea ya fosfeti, ile tuliyoiita chumvichumvi. Alitaka nijaribu kupanda malisho kwa vijidudu na mbolea kwa pamoja, na nijaribu kwa watu, nje ya kituo. Sikuhitaji kufikiri mara mbili. Nilibeba chupa hadi Cheyo nikiwa nimeifunga kwenye leso yenye maji ili ibaki baridi, na nikamweleza shangazi kwa uangalifu ule ambao wasomi wapya huutumia wakizungumza na ndugu zao.

"Hewa hii tunayoivuta imejaa chakula cha mimea, ila mmea peke yake hauwezi kukichukua. Vijidudu hawa wanaingia kwenye mizizi ya fiwi, wanajijengea vinundu, wanakichukua chakula hewani na kuupa mmea."

Aliinua chupa akaitazama dhidi ya mwanga. "Wamo wangapi humu?"

"Mamilioni kwa mamilioni."

"Na kazi yao ni kuchukua mzigo huko juu na kuufikisha mizizini?"

"Hasa."

"Basi hawa ni Wanyamwezi," akasema, na kuirudisha chupa mezani kwa heshima mpya.

Baba yake, babu yangu, alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani mara nne, kwa miguu, na shangazi alikulia katika habari za mizigo. Kwa hiyo aliniuliza swali ambalo mwalimu wangu chuoni alilifikia katika wiki ya tatu ya muhula: "Posho yao ni nini?"

Nikamwambia mmea wenyewe huwapa sukari, lakini mmea dhaifu hauna cha kugawa, na ardhi yetu ilikuwa na upungufu mkubwa wa fosfeti. Ndiyo maana tungeongeza chumvichumvi.

"Kwa hiyo chumvichumvi ni posho."

"Kwa namna fulani, shangazi."

"Si kwa namna fulani. Mpagazi asipopewa posho huketi chini njiani, na mwenye msafara hubaki anaitazama mizigo yake. Baba aliketi hivyo mara mbili, mara moja karibu na Ugogo, na walimbembeleza kwa nguo."

Nilipomweleza kwamba ipo chumvichumvi ya aina nyingine, yenye chakula kilekile cha hewani, na kwamba mtu akiimwaga hiyo kwa wingi vijidudu huacha kazi, sikumwona akishangaa hata kidogo. "Mzigo ukishafika kwa gari moshi," alisema, "nani atabeba tena?" Nakiri hapa kwamba maelezo hayo ya wapagazi na posho nimeyatumia katika mihadhara yangu kwa miaka mingi, watu wakayaandika kwenye madaftari, na sijawahi kusema niliyapata wapi.

Sasa niandike kosa langu, ambalo nadhani lisingeweza kufanywa na msomi wa mahali pengine popote.

Maelekezo yaliyokuja na chupa yalisema vijidudu wakorogwe katika maji yenye sukari kidogo ili washikamane na mbegu, mbegu zianikwe kivulini kwa muda mfupi, kisha zipandwe siku hiyohiyo bila kuguswa na jua wala mbolea. Sukari ilikuwapo dukani. Lakini baba yangu alikuwa mrina asali wa Sikonge, na chini ya kitanda cha shangazi kulikuwa na debe zima la asali ya miombo, nyeusi na nzito, inayonukia moshi na maua. Nikajiuliza kwa nini nitumie sukari ya Mhindi wakati ninayo ya babangu. Nikaona wazi kwamba asali ingeshika mbegu vizuri zaidi. Nikaenda mbali zaidi: nilikwisha kutunga kichwani makala fupi kuhusu matumizi ya asali ya Tabora katika kilimo cha kisasa, jina langu likiwa juu kwa herufi kubwa.

"Kidogo tu imeandikwa," shangazi alisema aliponiona nikimimina, ingawa hakuwa amesoma maelekezo. Aliijua asali.

"Ikizidi haidhuru."

"Sawa, baba."

Nyuma ya nyumba palikuwa zamani uwanja wa kufyatulia matofali. Udongo wa juu ulikwisha kwenda kuwa kuta za watu, na uliobaki ulikuwa mwekundu, mgumu, usiopata kuona mmea wa jamii ya kunde tangu ulimwengu uumbwe. Wanawake watano wa jirani walikuja na majembe kusaidia kupanda, kama walivyosaidiana siku zote, na shangazi alikuwa amewaandalia togwa. Nilitandaza mbegu zangu zinazong'aa juu ya mkeka chini ya upenu, kivulini, kama ilivyoelekezwa. Nikasimama kando yake mikono nyuma.

Nyuki wa kwanza alikuja peke yake. Alitua, akaonja, akaondoka kwa haraka ya mtu aliyesikia kuna msiba wa tajiri. Mwanamke mmoja aliyekuwa akinoa jembe aliinua macho.

"Mjomba, huyo amekwenda kuita wenzake."

"Ni mmoja tu, mama."

"Nimesema amekwenda kuita."

Walikuja. Sijui walitoka mzinga gani, ila kwa wingi wao nadhani waliitana hadi Sikonge. Mkeka uligeuka mweusi, kisha upenu ukageuka mweusi, kisha togwa likapata wageni. Wanawake walijitupa ndani ya nyumba wakafunga mlango nami nikiwa nje, na nilipogonga sauti ikaniuliza kutoka ndani, "Nani?"

"Ni mimi! Fungueni!"

"Una asali mikononi?"

"Ninayo!"

"Basi wewe ni mwenzao. Kaa nao."

Nilikimbilia chooni. Kupitia tundu la mlango nilimwona mwekundu akikata kamba, akiruka ua wa miti na kushika njia ya kwenda relini, mkia ukiwa juu kama bendera. Nyuki hawakuondoka hadi jioni. Kivuli cha upenu hakikungoja pamoja nao: adhuhuri ilipopita jua liliingia taratibu juu ya mkeka, likakaa juu ya mbegu zangu saa nne nzima, na hakuna mtu aliyeweza kusogea kuzihamisha. Vijidudu waliosafiri mamia ya maili kwa gari moshi, kwanza niliwazamisha katika asali, ambayo yenyewe huzuia vitu kuoza kwa kuua hao hao wadogo, kisha nikawakaanga.

Mwekundu alirudishwa na jirani yetu wa nyuma, Mgogo aliyefanya kazi ya kutengeneza njia ya reli. Alikuja akimvuta kwa kipande cha kamba, akasimama uani na kutangaza:

"Nimeokota ng'ombe. Ni wangu sasa. Nimekuja tu kuuliza jina lake."

"Jina lake ni Mgogo," shangazi alimjibu akiwa dirishani. "Huitika akiona chakula cha watu."

Hawa wawili walikuwa watani. Msomaji wa kwetu hahitaji kuambiwa, ila kwa mgeni niseme kwamba utani wa Wanyamwezi na Wagogo ulizaliwa katika njia ileile ya misafara: sisi tulipita nchini kwao na mizigo, wao wakatoza hongo, yaani ushuru wa kupita na kunywa maji, tukalipa tukinung'unika. Wajukuu wa pande zote mbili walirithi haki ya kutukanana bila kukasirika na kuchukuliana vitu bila kuitwa wezi. Siku ile aliondoka na kibuyu cha togwa, nyuki wakiwa ndani, na hakuna aliyemuuliza.

Tulizipanda mbegu hivyo hivyo, kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kusema zimeharibika. Ziliota. Baada ya mwezi na zaidi kidogo zilikuwa zimesimama shambani zikiwa na rangi ya manjano ya mtu anayeugua nyongo, urefu wa kiganja. Niling'oa mche mmoja, nikaosha mizizi, nikaitazama. Ilikuwa laini na safi kama uzi. Hakuna kinundu hata kimoja.

"Wapagazi hawakufika," shangazi alisema.

"Hawakufika."

"Waliketi njiani au walikufa?"

"Walikufa, shangazi. Niliwaua mimi."

Hakunilaumu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Aliuliza kama ipo chupa nyingine. Haikuwapo hadi mwaka ujao, na mwaka ujao ng'ombe angekuwa Igunga. Tulikuwa katikati ya mwezi wa kwanza. Mvua zilibaki za miezi mitatu kama Mungu angekuwa mkarimu. Nilikwenda kulala mapema jioni ile nikiwa na shahada yangu, na sikuona la kuifanyia.

Kesho yake niliporudi kutoka kazini nilimkuta shangazi amekaa kwenye kigoda, mbele yake kuna rundo la miche ya njugu mawe iliyong'olewa na mizizi yake, naye anatafuna njugu changa kwa utulivu wa mtu aliye kwake.

"Umezipata wapi?"

"Kwa Mgogo. Nimeziiba." Akanipa mche mmoja. "Hebu nitazamie hivi vipele kwenye mizizi. Kila mwaka naviona, nilidhani ni ugonjwa wa Kigogo."

Vilikuwa vinundu. Nilikipasua kimoja kwa ukucha, na ndani kilikuwa chekundu kama nyama, dalili ya kinundu kinachofanya kazi. Nikakaa chini, mavumbini, na suruali yangu. Nilikuwa nimefundishwa, tena nilijibu vizuri kwenye mtihani, kwamba fiwi, kunde, karanga na njugu mawe hupokea vijidudu wa jamii moja, na kwamba kabla ya hizo chupa kuwapo wakulima wa nchi nyingi walihamisha udongo kutoka shamba la zamani kwenda shamba jipya. Mgogo yule alikuwa amelima njugu mawe mahali pamoja kwa miaka kumi. Wapagazi walikuwa wamepiga kambi hatua mia tatu kutoka mlangoni kwetu, nami niliwaagiza kwa gari moshi.

Tulipokwenda na karai na jembe, mwenyewe alikuwa amesimama mpakani, mikono kiunoni.

"Njugu mmekula. Sasa mmekuja kula na shamba?"

Shangazi alimweleza kila kitu: vijidudu, mzigo wa hewani, posho, shemeji wa Igunga. Alimweleza vizuri kuliko ningemweleza mimi. Alisikiliza hadi mwisho, na uso wake ulipofikia mahali pa kucheka haukucheka.

"Kwa hiyo hapa kwangu wamo wapagazi wa Kinyamwezi, nao wanataka kupita."

"Wamo."

"Kutoka Ugogo."

"Kutoka Ugogo, ndiyo."

"Na mlidhani mtapita bure? Babu yangu angefufuka anipige. Lipeni hongo."

"Sema unachotaka, mla watu wee. Mvua yenyewe hukwepa kwenu kwa kuogopa kutozwa."

Mgogo alinitazama mimi, kuanzia viatu hadi kola. "Huyu abebe mwenyewe. Kichwani, si kwa baiskeli. Na apite barabara kubwa, ile ya misafara, si hapa kichochoroni. Nataka Tabora nzima ione kwamba Mnyamwezi akisoma hadi mwisho bado ni mpagazi."

Shangazi akanigeukia. "Hongo ni hongo, baba."

Nilifanya safari kumi na moja. Njugu hulimwa juu juu, na udongo wa juu, ule mweusi, ndio tuliouhitaji, konzi moja kwa kila shimo la mbegu. Safari ya kwanza nilijifanya sioni watu. Safari ya tatu wanawake wa sokoni walikwisha kujua habari yote na walinisalimia kwa kunipa njia kwa heshima za kejeli, wakiuliza pwani ni lini. Safari ya sita gari la kituo lilipunguza mwendo na kusimama kando yangu. Mkubwa wangu alitoa kichwa nje.

"Bwana, baiskeli yako imeharibika?"

"Hapana, bwana. Hii ni sampuli ya udongo."

Alilitazama karai, kisha akayatazama matope yaliyokuwa yakinitiririka shingoni. "Sampuli kubwa," alisema kwa upole, akaenda zake. Hakuniuliza tena kamwe. Nami katika ripoti niliandika kwamba mbegu zilipandwa "pamoja na bakteria wanaofaa", sentensi ambayo haina uongo ndani yake na ambayo niliitunga kwa muda wa siku mbili. Asali sikuitaja.

Kupanda mara ya pili, kwa mbegu zilizobaki mfukoni, nilitaka kugawa shamba sehemu nne zilizo sawa: isiyo na kitu, yenye udongo wa njugu tu, yenye chumvichumvi tu, na yenye vyote viwili. Shangazi alikataa. "Ng'ombe hali majaribio," alisema. Baada ya mabishano alinikubalia mistari mitatu pembeni, mmoja wa kila upungufu, na shamba lote lililobaki likapata vyote. Tulichimba mfereji mdogo, tukanyunyiza chumvichumvi chini, tukaifunika kwa udongo unene wa vidole viwili, kisha konzi ya udongo wa njugu, kisha mbegu. Nilipotaka kueleza kwa nini mbolea isiguse vijidudu, alinizuia kwa mkono. Alisema posho haimwagwi kichwani mwa mpagazi, anawekewa kambini mbele, aikute akifika.

Mvua ilikuwa karimu. Kufikia Pasaka ile mistari yangu mitatu ingeweza kusomwa na mtoto. Ule usio na kitu ulibaki na rangi yake ya nyongo. Wenye chumvichumvi peke yake ulianza kwa haraka kisha ukapauka, kama mtu aliyeshiba siku moja. Wenye udongo wa njugu peke yake ulikuwa kijani kibichi lakini mfupi. Lakini shamba lenyewe, lililopata vyote, lilifika kiunoni mwa shangazi, likajiviringisha lenyewe kwa lenyewe, likatoa maua ya zambarau, likafunika ardhi ile ya matofali hata tukasahau rangi yake. Tulikata, tukakausha kivulini ili majani yasipukutike, tukafunga matita na kuyapanga juu ya uchaga pamoja na mabua ya mahindi. Shangazi alikataza kabisa kuyagusa kabla ya kiangazi kukomaa. Mwekundu aliishi kwa nyasi za kando ya njia hadi zilipokwisha, na matita yakabaki juu, yakinukia vizuri.

Mwezi wa saba shemeji alishuka kwenye lori la pamba, kamba mpya ikiwa imeviringwa begani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla ya kuketi alikuwa ameshafika kwa ng'ombe. Alitafuta mbavu kwa vidole.

"Umemnywesha maji mengi asubuhi, shemeji."

"Nimemnywesha kama kawaida."

"Nyasi zimekwisha. Nimeziona njiani. Wiki mbili hizi atakuwa mifupa."

"Ana chakula," shangazi alisema, na akaniambia niteremshe tita la kwanza.

Niliteremsha. Nikaliweka mbele ya mwekundu na kulifungua. Alinusa. Akapuliza pua, akainua kichwa na kutazama upande mwingine, ile pembe yake sikioni. Nikalisogeza. Akarudi nyuma hatua moja. Hapo ndipo nilipotambua kwamba katika miezi yote ya chupa, nyuki, udongo na mistari, hakuna kati yetu aliyewahi kumwonjesha ng'ombe fiwi kavu.

Shemeji aliteremsha kamba begani. Hakusema neno la ushindi, alikuwa mtu mwenye adabu zake. Alisema tu, taratibu, "Shemeji, huwezi kumlazimisha mnyama."

Ni mara moja tu maishani mwangu nilipomwona shangazi hana neno.

Mgogo alikuwa ameegemea ua akitazama. "Hamna kazi nayo?" aliuliza. "Basi mimi nina mbuzi." Akaingia kama mtu aingiaye kwake, akakusanya tita zima kifuani kwa haki yake ya utani, na akaanza kuondoka. Mwekundu alimtazama akienda. Kamba yake ilikuwa ndefu. Alipiga hatua tatu, akanyoosha shingo juu ya bega la mtu yule na kung'oa mdomo mzima wa majani kutoka mikononi mwake.

"Wee! Mwizi!"

Akang'oa tena. Mgogo akajaribu kukimbia, ng'ombe akamfuata hadi mwisho wa kamba, na huko mwisho wa kamba akasimama akitafuna, fiwi zikining'inia pembeni mwa mdomo wake, akitazama mikono ya Mgogo ili aone kama kuna zaidi. Shangazi alikaa chini kwenye kigoda. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa pindo la kanga, na sikuweza kusema yote yalikuwa ya kicheko.

Shemeji hakuondoka siku ile. Alisema angengoja aone, na alingoja siku nne. Kila asubuhi alikuwa wa kwanza kuamka kutazama kama mwekundu amekula, na kila asubuhi alikuta hori limelambwa. Alipewa chai ya maziwa asubuhi na jioni. Siku ya pili alipanda mwenyewe kwenye uchaga akatazama matita yamebaki kiasi gani. Siku ya tatu aliniuliza zile ni mbegu gani, kisha akajifanya hakuuliza. Siku ya nne, kikombe kikiwa mkononi, alimtazama ng'ombe kwa muda mrefu na kutoa hukumu yake.

"Huyu ameharibika."

"Ameharibika vipi, shemeji?"

"Amekuwa wa mjini. Ng'ombe anayeletewa chakula mdomoni atatembea hadi Igunga? Hata Nzega hafiki. Atanifia njiani, watu waseme nimeua ng'ombe wa ndugu yangu."

Nilifungua kinywa kusema kwamba ng'ombe yule alikuwa na nguvu za kutembea hadi Mwanza. Shangazi alinikanyaga mguu.

"Ameharibika kabisa," alikubali kwa unyonge. "Ni kosa langu, shemeji. Nimemdekeza."

"Ni kosa lako," alisema shemeji, na akamalizia chai.

Asubuhi yake tulimsindikiza hadi lilipokuwa lori. Shangazi alimpa kibuyu cha maziwa ya mgando kwa ajili ya watoto, naye akakipokea kwa mikono miwili. Tuliporudi nyumbani shangazi alichukua chombo akaenda kukamua. Kwa kawaida aliimba akikamua. Siku ile alikamua paji la uso likiwa limeegemea ubavu wa mwekundu, na nilisikia maziwa tu yakigonga chombo. Alipomaliza alichota kata ya kwanza, bado ya moto, akanipa mimi, nikainywa nikiwa nimesimama.